Msalaba wa Thorgrim: Somo la Historia kutoka Killaloe

Mji mdogo wa Killaloe uko magharibi mwa Ireland, katika kaunti ya Clare, mahali ambapo mto Shannon hutoka katika ziwa la Lough Derg. Jina lake maana yake ni "kanisa la Lua", kwa kumbukumbu ya mtawa wa kale. Daraja la mawe lenye matao 13 huuunganisha mji huu na Ballina, ulio ng'ambo katika kaunti ya Tipperary. Tulipouzuru, uzuri wa maji ulituvuta; lakini zaidi lilitushika swali hili: Je, Kanisa husimuliaje habari za adui zake?

Fahari ya mji ni Brian Boru, aliyekuwa mfalme mkuu wa Ireland tangu mwaka 1002, na ambaye makao yake ya Kincora yalikuwa hapa. Aliuawa katika mapigano ya Clontarf, karibu na Dublin, siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 23 Aprili 1014. Kwa karne nyingi mapigano hayo yalisimuliwa kana kwamba yalikuwa kati ya Wakristo na wapagani: huku mfalme mcha Mungu, kule Wavikingi wachomaji wa monasteri.

Ukweli una sura nyingine. Upande wa adui walikuwamo watu wa Leinster, ambao walikuwa Wakristo kama Brian mwenyewe. Sitric, mfalme wa Dublin mwenye asili ya Kivikingi, alikuwa mkwe wa Brian. Mwaka 1028 alikwenda kuhiji Roma, na Kanisa Kuu la Christ Church mjini Dublin humhesabu kuwa mwanzilishi wake. Basi mapigano yale yalihusu mamlaka kuliko imani.

Ushahidi mwingine umo Killaloe kwenyewe. Ndani ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Flannan, ambalo ni la Waanglikana, kuna kipande cha msalaba wa jiwe, kilichopatikana mwaka 1916 kikiwa kimejengewa ukutani. Kimeandikwa kwa namna mbili. Kwa herufi za Wavikingi, mtu aitwaye Thorgrim anasema kwamba yeye ndiye aliyeuchonga msalaba huo. Kwa herufi za kale za Ireland, ziitwazo ogamu, anaombewa baraka. Hivyo mtu wa kabila la waliochoma makanisa alichonga msalaba, na lugha ya waliochomewa ikambariki.

Watu wa Killaloe wanajua gharama ya kutunza kumbukumbu. Mwaka 1929, maji ya Shannon yalipokaribia kukifunika kisiwa cha Friar's Island kwa ajili ya mradi wa umeme wa Ardnacrusha, kanisa dogo la Lua lilibomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya kando ya kanisa la Wakatoliki mjini.

Ndugu wasomaji, wengi wetu hutakiwa kuandika historia za sharika kwa ajili ya jubilei. Ni rahisi kuyahamisha mawe ya upande wetu tu na kuwaacha wengine wazame. Yatupasa kuuliza ni nani tuliyemwita adui, na kama naye hakuacha msalaba mahali fulani ukutani. Historia isiyo na nafasi kwa Thorgrim huificha kazi ambayo Injili imekwisha kuifanya.