Nani Ana Kibali cha Kupanga Nchi? Habari za Ngitili za Shinyanga na Geita

Tunaendelea na somo letu la historia, na walio katika vikundi wawe na daftari na kalamu, maana kutakuwa na miaka ya kuandika. Leo tutazungumza juu ya ardhi ya Usukuma, upande wa Shinyanga na upande wa Geita, na swali letu ni hili: nani ana kibali cha kupanga nchi? Nikisema kupanga nchi nina maana ya kuamua miti isimame wapi, ng'ombe wapite wapi, maji yatuame wapi na nyumba zikae wapi. Mjini kazi hiyo huitwa usanifu wa mandhari, nayo ina watu walioisomea. Mtu anayebuni majengo hapa Tanzania hana budi kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1997. Sheria nyingine ya 2010 ikachukua nafasi ya ile. Lakini mzee wa Kisukuma anayefunga malisho yake ili majani na miti irudi, yeye anasajiliwa wapi? Tutaona kwamba kwa miaka mingi makaratasi yaliyomfikia yalikuwa ya kumzuia, na yale ya kumlinda yalichelewa sana.

Tuanze na udongo wenyewe. Ukishuka kutoka kilima cha mawe, kwanza unakuta udongo wa kichanga, luseni, mwepesi kwa jembe. Ukizidi kushuka unafika itogolo, udongo mgumu. Chini kabisa iko mbuga, udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo wa Amani, Geoffrey Milne, aliupa mpangilio wa namna hii jina la Kilatini, catena, yaani mnyororo. Likaingia katika vitabu vya dunia nzima. Msukuma hakulingoja jina hilo. Alikwisha kuwa na jina la kila pingili ya mnyororo, na alijua lipi la kulima na lipi la kulisha.

Katika ujuzi huo imo ngitili. Ngitili ni mahali palipofungwa. Mvua zikianza, mifugo inaondolewa, majani yanakua mpaka yanakomaa, kisha yanakauka yakiwa yamesimama, ndiyo akiba. Kiangazi kikikaza, mwezi wa Julai au Agosti, panafunguliwa, wala si pote mara moja bali kipande baada ya kipande. Wanaotangulia kuingia ni ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Nyingine ni za mtu na nyumba yake, nyingine za watu wote wa mahali. Anayeingiza ng'ombe kwa wizi huitwa mbele ya dagashida, mkutano wa wenyeji, akatozwa faini.

Sasa andikeni: miaka ya 1890. Sotoka ilipita Afrika Mashariki ikaua ng'ombe wengi mno. Ng'ombe wakiisha, vichaka vinarudi. Na vichaka vikirudi, mbung'o wanakuja navyo. Serikali ya Mwingereza ilipoingia ilikuta sehemu kubwa ya Shinyanga haikaliki kwa ajili ya mbung'o. Bwana C. F. M. Swynnerton alifanya utafiti wake huko Shinyanga, na mwaka 1929 akawa mkurugenzi wa idara ya utafiti wa mbung'o, mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Watemi, na Makwaia wa Usiha akiwa mmoja wa mashuhuri, waliita watu wao kwa maelfu kwenda kufyeka. Wengi husema jina la mtemi lenyewe latokana na kutema, kukata. Basi kazi ya kukata ilikuwa na heshima yake, na ng'ombe walipata nchi. Lakini nchi iliyofyekwa ilijaa mifugo na mashamba ya pamba upesi kuliko ilivyotazamiwa.

Andikeni tena: 1947. Mwaka huo ulianza Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya. Mabwana wa kilimo walikuwa na hesabu yao: nchi hii, ikitunzwa vizuri, yaweza kuchukua watu 100 katika maili moja ya mraba pamoja na ng'ombe wao. Waliozidi wahamie Geita, ng'ambo ya Ghuba ya Smith, ambako vichaka vilikuwa vinafyekwa na mabwawa kuchimbwa. Hesabu haikuwa ya kijinga. Mabwawa yaliyochimbwa yaliwafaa watu. Tena matuta yaliyofungwa, yanayozuia maji yasikimbie na udongo, ni ufundi mzuri, na anayelima mteremko wa luseni leo angefanya vema kuyatumia.

Taabu ilikuwa amri. Uwe na matuta ya namna hii, upande mihogo kiasi hiki, utie samadi, usikate mti huu, upunguze ng'ombe. Kuhama na mifugo kulitaka ruhusa. Asiyetii alipigwa faini. Fikirini mtu aliyezaliwa katika nchi ile, ajuaye ng'ombe wake mmoja mmoja kwa jina, anasimama mlangoni kwa karani akiomba kibali cha kuwavusha mpaka. Hasira ya vibali ikachanganyika na siasa. TANU ilikuwa imekatazwa Usukuma tangu 1954, na mwaka 1958, serikali ilipotaka kuanzisha Geita baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko, watu walikataa kwa maandamano makubwa. Amri nyingi za ardhi zikaanguka miaka hiyo hiyo. Kwa bahati mbaya zilianguka zote pamoja, nzuri na mbaya. Watu wengine waliacha hata matuta, kwa kuwa yalinuka ukoloni.

Watemi wakaondolewa madarakani mwaka 1963. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 na 1975 ikakusanya nyumba mahali pamoja, na ngitili nyingi zikabaki mbali na wenyewe, bila mlinzi. Mwalimu Nyerere alipozuru Shinyanga mwaka 1984 alishtushwa na ukame wa nchi ile. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI kwa kifupi. Mwanzoni nguvu zilielekezwa kwenye vitalu vya miche. Miche hufa, mchwa wanaila, mbuzi wanaila, jua linamaliza. Ndipo wataalamu wakatazama ngitili, wakaona kwamba chini ya ardhi iliyoonekana tupu mizizi ya migunga ilikuwa hai bado. Mahali palipofungwa misimu michache paliota penyewe.

Hekta za ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa 600 hivi. Mradi ulipokwisha mwaka 2004, makadirio yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji 833. Mwaka 2002 mradi ulipata tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Tuzo ya Ikweta. Kuni zikawa karibu, nyasi za kuezekea zikapatikana, asali na dawa za miti zikarudi. Sijui kazi nyingine ya kupanga mandhari katika nchi yetu iliyo kubwa kama hii, na mafundi wake walikuwa wafugaji.

Je, wana karatasi? Hapa ndipo penye uzito. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na Sheria ya Misitu, Na. 14 ya 2002, inakiruhusu kijiji kuhifadhi msitu wake. Hilo ni jema. Lakini kabla ya hati, mipaka ya kijiji ipimwe na kijiji chenyewe kipate cheti chake; kisha halmashauri ya kijiji iketi, mkutano mkuu uketi, kipande kipimwe. Mtu anaweza kuzeeka njiani. Na huko Geita, ambako mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966 na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000, ipo karatasi nyingine: leseni ya mchimbaji mdogo. Chini ya sheria ya 2010 hupewa raia tu, nayo ni ya miaka 7, na eneo la dhahabu lisizidi hekta 10. Sheria inataka ridhaa ya mkaaji wa ardhi penye nyumba au penye shamba lililolimwa. Ngitili, kwa macho ya mgeni, haina paa wala tuta. Ataiita pori. Na duara la dhahabu linahitaji matimba ya kuzuia kuta zisibomoke, na miti mizuri iliyo karibu ndiyo ile ile ambayo mzee ameilinda miaka 15.

Kwa hiyo anayetaka kufunga ngitili mwaka huu asikilize. Chagua mahali penye visiki hai. Kwangua gome kidogo uone ubichi. Usilime humo, wala usichome moto. Fyeka njia ya kuzuia moto pembeni kabla nyasi hazijakauka. Machipukizi yakiota mengi kwenye kisiki kimoja, bakiza mawili au matatu yaliyonyoka, mengine yafanye kuni. Panda mkonge au minyaa mpakani, ili hata mpita njia ajue kwamba pana mwenyewe. Waite majirani wote wanaopakana nawe wakanyage mpaka pamoja nawe, na wafugaji wenye njia ya kwenda majini wasikatiwe njia hiyo. Kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji, uombe jambo hili lisomwe mkutanoni na liandikwe katika muhtasari, pamoja na majina ya mashahidi na alama za mpaka. Muhtasari si hati, lakini siku mtu akija na leseni mkononi utakuwa na cha kumwonyesha.

Kabla ya somo la juma lijalo, kila kikundi kitembelee ngitili moja ya karibu, kimwulize mwenyewe ilifungwa mwaka gani, na kiangalie katika vitabu vya kijiji kama jina lake limeandikwa. Kwaherini.