Komeo la Usukani

Mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, umetandaa juu ya vilima, na mwenye gari anayeliegesha katika mmojawapo wa mitelemko yake, akiwa ni mtu wa hadhari, hukata usukani ili magurudumu ya mbele yaelekee ukingoni, hutia jiwe chini ya gurudumu, huchomoa ufunguo, kisha huenda zake sokoni. Akirudi, ufunguo huingia lakini hauzunguki, na usukani haukubali kulia wala kushoto. Mara hukusanyika vijana wenye ushauri tele: mmoja hudai betri imekufa, wa pili huapa kuwa neiman imeharibika, wa tatu hutaka koleo. Aghalabu gari lenyewe ni zima kabisa, tena limetenda kazi liliyoundiwa kuitenda.

Neno hilo neiman, litamkwalo na mafundi waliojifunza kazi kwa Kifaransa kana kwamba ni jina la kifaa tangu asili, ni jina la mtu: Abram Neiman, mvumbuzi ambaye katika miaka ya 1930, huko Ujerumani, alibuni kizuizi cha usukani dhidi ya wezi, na jina lake likawa jina la biashara, kisha, katika vinywa vya Wafaransa, likawa jina la kitu. General Motors ya Marekani ilikitia kifaa cha namna hii katika magari yake ya mwaka 1969. Na magari yaliyotumika Japani, yanayofika Beni kwa njia ya Mombasa na mpaka wa Kasindi, usukani wake ukiwa kulia katika nchi ambayo magari hupita kulia, karibu yote yanacho.

Kwa Kiswahili wengi husema kufuli la usukani. Juu ya neno usukani sina shaka, maana lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kile kigeuzacho chombo baharini, nalo likapanda nchi kavu bila kupoteza adabu yake. Shaka yangu ni juu ya kufuli. Kufuli, ambalo huku kwetu huitwa pia kadenasi, ni kitu cha kubandikwa kwa nje na kubanduliwa. Na kwa kuwa yapo madukani machuma marefu ambayo mtu huyapachika juu ya usukani usiku na kuyaondoa asubuhi, jina hilo ni haki yao. Kilichofichwa ndani ya mhimili wa usukani ni komeo, na mtu akiliita komeo amekwisha kupata nusu ya dawa yake.

Ndani ya mhimili huo mna kipande cha chuma kinachosukumwa na springi, na katika mti unaozunguka pamoja na usukani mmechongwa pengo. Ufunguo ukichomolewa, chuma huachiwa. Usukani ukigeuzwa kidogo hata pengo likawa mkabala wake, chuma hutumbukia humo. Sasa yazingatie yale magurudumu yaliyopindwa ukingoni: mpira uliojipinda chini ya uzito wa gari hutaka kurudi ulikotoka, hivyo huusukuma usukani, na ukuta wa pengo hulibana komeo ubavuni. Ufunguo, ambao kazi yake ni kulivuta komeo, hauna nguvu za kushindana na mpira. Ni kama mlango ulioegemewa na watu kwa nje: komeo lake halitoki mpaka aliye ndani ausukume mlango kinyume chao kwanza.

Basi ushike usukani kwa mkono mmoja, uujaribu pande zote mbili. Upande mmoja utakuwa mgumu kama jiwe. Upande wa pili utalegea kidogo, labda upana wa kidole tu. Ushikilie huko huko kwenye ulegevu, na maadamu umeushikilia, uzungushe ufunguo polepole kwa mkono wa pili. Ukigoma, ulegeze mkono ujaribu tena, wala usiusaidie kwa koleo, kwani ufunguo uliovunjikia ndani ni gharama kubwa kuliko subira. Ufunguo uliolika meno nao hugoma. Hapo mwafaka ni ule wa akiba uliobaki nyumbani. Na kama ni gari la gia za kujiendesha, hakikisha mkono wa gia uko kwenye P.

Ipo hali nyingine ambayo watu huichanganya na hii, nayo ni usukani mzito. Katika barabara ya Butembo kwenda Beni, wapo madereva wanaozima moto mtelemkoni ili kubana mafuta. Usukani wenye msaada wa mashine huwa mzito papo hapo, na breki hupungukiwa na nguvu, ilhali komeo halijaanguka. Hatari huzidi mtu akiuchomoa ufunguo gari likiwa bado linatembea, jambo ambalo baadhi ya magari ya zamani huliruhusu, kwani kona ya kwanza yatosha kulitumbukiza komeo.

Wamotari nao wanalo komeo lao, chini ya gidon, yaani usukani wa pikipiki, ambalo hufungwa kwa kuikunja gidon hadi mwisho, kwa kawaida kushoto, na kuusukuma ufunguo ndani huku ukizungushwa. Hila ile ile ya kutafuta ulegevu hufaa hapa pia, isipokuwa tundu la ufunguo wa pikipiki hupokea mvua na matope, na lililoshikwa na kutu halisikii mkono: lataka kusafishwa na kutiwa unga wa grafiti kabla ya kujaribiwa tena.