Bibi wa Yaxchilán

Aliyeingia katika nyumba ile ya mawe, kwenye kona ya mto Usumacinta kusini mwa Mexico, alilazimika kuinua uso. Nakshi zake zilizo bora zilichongwa upande wa chini wa vizingiti vya juu vya milango, ambako mpita njia haoni kitu. Nyumba yenyewe, kama maandishi yake yasemavyo, ilikuwa ya bibi: K'abal Xook, mke wa mfalme Itzamnaaj Bahlam wa Tatu, aliyetawala tangu 681 hata 742.

Katika kizingiti kimoja mfalme amesimama ameshika mwenge mkubwa. Mkewe amepiga magoti mbele yake, naye anapitisha ulimini kamba iliyofumwa miiba. Kamba inashukia kikapuni, juu ya karatasi zenye matone ya damu. Tarehe iliyochongwa ni sawa na 28 Oktoba 709. Damu ya watu wa ukoo wa kifalme ilikuwa sadaka, na karatasi zilizoloa zilichomwa ili moshi uwafikie miungu na wahenga. Mchongaji, ambaye hakuwa na chombo cha chuma, hakuficha uchungu huo. Ila ameyashughulikia zaidi mavazi, hata mapambo ya nguo ya bibi yanaweza kuhesabiwa moja moja. Pengine ndivyo alivyotakiwa. Katika kizingiti cha pili bibi anamtazama nyoka mkubwa anayepanda juu, na kinywani mwa nyoka anachomoza shujaa mwenye mkuki.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba mawe ya Wamaya hayasemi lolote ila nyota na hesabu ya siku. Mwaka 1952 Yuri Knorozov, aliyekuwa Urusi na hajapata kuiona miji hiyo, alionyesha kwamba alama nyingi ni silabi, yaani zile zile ambazo mshairi wa Kiswahili huziita mizani. Mwaka 1960 Tatiana Proskouriakoff akathibitisha kuwa mawe yanataja watu: kuzaliwa kwao, kutawazwa kwao, vita vyao. Waliodhaniwa miungu wakawa wafalme, na waliovaa majoho marefu wakawa wake zao.

Na faida ya kusoma ni kwamba huzuni nayo husomeka. Pamoja na utukufu wote huo, kiti hakikwenda kwa mtoto wa K'abal Xook. Mfalme alipofariki ilipita miaka kumi, na mwaka 752, bibi akiwa ameshakufa miaka mitatu nyuma, akatawazwa Yaxun Bahlam wa Nne, mwana wa mke mwenza. Huyo naye alijenga na kuchonga kwa pupa ya mtu anayetaka kuaminiwa.

Mawe yamesema mengi kwa sababu karatasi zilinyamazishwa. Mwaka 1562, katika mji wa Maní, padri Diego de Landa alivichoma moto vitabu vya Wamaya. Vinavyojulikana leo ni vinne tu.

Mawe nayo hayakubaki yote mahali pake. Alfred Maudslay alifika Yaxchilán mwaka 1882, na kizingiti cha kamba kikapunguzwa unene ili kibebeke. Sasa kimo katika jumba la makumbusho la Uingereza, mjini London, kimesimamishwa ukutani pamoja na kile cha nyoka. Cha tatu kiko Mexico City. Anayekwenda kumtazama bibi huko London humwona ana kwa ana, bila ya kuinua uso.