Ngome ya Elmina

Ngome ya Elmina ni ngome ya kihistoria katika mji wa Elmina, kwenye pwani ya Ghana. Ilijengwa na Wareno mwaka 1482 kwa jina la São Jorge da Mina. Inajulikana hasa kutokana na biashara ya watumwa kupitia Atlantiki, ingawa haikujengwa kwa ajili hiyo.

Historia

Wareno walifuata dhahabu. Neno "mina" kwa Kireno lina maana ya mgodi. Diogo de Azambuja alifika na askari, mafundi na mawe yaliyochongwa tayari Ureno. Mtawala wa mahali hapo, anayeitwa Caramansa katika maandishi ya Kireno, alipendelea waje kufanya biashara na kuondoka kama zamani, lakini hatimaye alikubali wajenge.

Mwanzoni watumwa waliletwa Elmina badala ya kutolewa huko. Wareno waliwanunua upande wa Benin na kuwabadilisha kwa dhahabu ya wafanyabiashara Waakan, waliohitaji wapagazi na wafanyakazi.

Mwaka 1637 Waholanzi waliiteka ngome baada ya kuipiga kwa mizinga kutoka kilima cha jirani. Wakati wao maghala ya chini yalikuwa magereza. Mateka kutoka bara walifungwa humo kwa wiki au miezi, wanaume mbali na wanawake, wakisubiri meli za kwenda Amerika. Makazi ya gavana na kanisa yalikuwa ghorofa za juu.

Uholanzi ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1814, na mwaka 1872 iliikabidhi ngome kwa Uingereza. Mwaka 1896 Waingereza walimfunga humo Prempeh I, mfalme wa Waashanti, ambaye baadaye walimpeleka Sierra Leone na kisha Shelisheli.

Ngome leo

Tangu mwaka 1979 ngome hii pamoja na nyingine za pwani ya Ghana imo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Leo ni makumbusho. Wageni huonyeshwa mlango mwembamba unaoitwa "Mlango wa Kutorudi".

Ukarabati wa miaka ya 1990 ulizua ubishi. Baadhi ya Wamarekani weusi walipinga kuta kupakwa rangi upya, wakiona kwamba mateso ya mababu zao yanafichwa. Wenyeji wengi, kwa upande wao, walitumaini kwamba utalii utaleta kazi.