Bunduki Iliyowinda Ndege Bila Kuua

Mapema mwaka 1882, wakazi wa Posillipo, pwani ya Naples nchini Italia, walimshangaa Mfaransa mmoja. Alikuwa akiwalenga shakwe kwa bunduki, anavuta kifyatulio, mlio hausikiki, ndege haanguki, naye anaondoka ameridhika. Wengi walimdhania kichaa.

Kumbe ile bunduki ilikuwa kamera. Étienne-Jules Marey, mtaalamu wa fiziolojia, alikuwa ameweka lenzi ndani ya mtutu, na nyuma yake kasha la duara lenye kioo kilichopakwa dawa ya kunasa mwanga. Kifyatulio kikivutwa, mtambo kama wa saa ulikizungusha kioo na kukisimamisha mara 12 kwa sekunde. Kila kiliposimama, mwanga uliingia kwa 1/720 ya sekunde tu.

Marey hakutafuta picha ya kupamba ukuta. Alitaka kujua bawa linakwendaje, jambo ambalo jicho haliwezi kulifuata. Mwaka 1878 mpiga picha Eadweard Muybridge alikuwa amempiga picha farasi akienda mbio huko California, na Marey akaomba ndege nao wapigwe vivyo hivyo. Muybridge alipofika Paris mwaka 1881 alimletea picha za njiwa, lakini hazikuwa wazi vya kutosha. Ndipo Marey alipoamua kutengeneza chombo chake mwenyewe.

Ugumu wenyewe ni wa hesabu. Ndege anayekwenda mita 10 kwa sekunde husogea karibu sentimita 17 katika 1/60 ya sekunde. Picha itatoka ukungu mtupu. Katika 1/720 husogea sentimita moja na nusu hivi. Hata hivyo, picha za ile bunduki zilikuwa vivuli vidogo vyeusi: mkao wa bawa ulionekana, manyoya hayakuonekana. Huko Paris Marey akabadili mbinu, akawapitisha ndege weupe mbele ya ukuta mweusi na kunasa hatua nyingi za bawa juu ya kioo kimoja. Mwaka 1890 alitoa kitabu chake kuhusu kuruka kwa ndege.

Ujerumani nako, mwaka 1884, mpiga picha Ottomar Anschütz aliwapiga picha korongo weupe wakitua na kuondoka viotani, kwa kamera yenye pazia lililopita kasi mbele ya kioo. Safari hii manyoya yalihesabika. Mjerumani mwenzake Otto Lilienthal, aliyewachunguza korongo pia na kuandika kitabu mwaka 1889, alikuja kuruka kwa mabawa aliyoyaunda mwenyewe, na Anschütz akampiga picha angani. Korongo weupe ndio hao tunaowaona mbugani Afrika Mashariki, wakikimbia baridi ya Ulaya.

Kisha ikaja flashi. Katika miaka ya 1930, Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, alitumia mimweko mifupi ya umeme iliyosimamisha hata bawa la ndege mvumaji. Mpiga picha wa ndege Mwingereza, Eric Hosking, alipoteza jicho moja mwaka 1937 baada ya kushambuliwa na bundi, lakini hakuiacha kazi. Baadaye alimnasa bundi akiruka gizani kwa flashi za aina hiyo.

Suala la muda likawa limepata dawa, likabaki la umbali. Ili ndege aonekane wazi, kwa miongo mingi mpiga picha alizungusha lenzi kwa mkono huku ndege akimjia, na akichelewa kidogo tu picha imeharibika. Mwaka 1985 ikaingia sokoni kamera ya Minolta 7000, iliyoirekebisha lenzi yenyewe. Canon EOS R5 ya mwaka 2020 hutambua jicho la ndege na kulifuata angani.

Lakini hakuna kamera inayomchagulia mtu mahali pa kusimama. Ndege wengi huondoka na kutua wakiukabili upepo. Basi upepo ukiwa mgongoni mwako, na jua la asubuhi nyuma yako, watakuja wakikutazama. Weka 1/2000 ya sekunde, anza kumfuata ndege kwa kamera angali mbali, na usikaribie viota. Wala usingoje safari ya mbugani: mwewe na yangeyange wa mtaani wanatosha kabisa kujifunzia.