Waya chini ya makoro: historia ya chombo cha kuchimba, na somo kwa Birere



Kila mara nyumba za mbao zinapoungua Birere, maneno yanarudi palepale: kwa nini waya hizi zinazoning'inia juu ya vichwa zisizikwe chini, mpaka mulangoni kwa kila mteja? Swali ni la haki. Lakini watu wanaruka hatua. Wanauliza mashine gani inunuliwe mbele ya kuuliza chini kuna nini. Historia inaonyesha kosa hilo ni la zamani.

Mwaka 1847, kule Ujerumani, Werner Siemens alipata namna ya kufunika waya wa shaba kwa gutta-percha, utomvu wa miti ya Asia. Serikali ya Prussia ikamupa kazi ya kujenga laini ya telegrafu toka Berlin mpaka Frankfurt, sehemu kubwa ya waya ikizikwa chini. Mwezi wa tatu 1849, habari ya kwamba bunge la Frankfurt limemuchagua mfalme wa Prussia kuwa kaisari ilifika Berlin ndani ya saa moja. Watu walishangaa. Lakini furaha haikudumu. Ili kupunguza gharama, waya ulizikwa karibu nusu mita tu, kando ya reli. Panya wakautafuna, wafanyakazi wa reli wakaupiga sururu, na kile kifuniko kikaharibika chenyewe. Miaka michache kisha, Prussia ikarudia nguzo. Mwanzoni waya ulifanya kazi yake vizuri. Waliougharimu ni wale walioubania mutaro.

Miaka mia moja mbele, shida ilikuwa ya namna ingine. Bomba na waya kubwa zilishapita barabarani, lakini kipande cha mwisho, toka barabara mpaka nyumba, kilichimbwa kwa mukono. Mashine kubwa haikuweza kuingia ndani ya lupango ya mutu. Ed Malzahn, fundi wa muji mudogo wa Perry, Oklahoma, aliona mafundi bomba wakihangaika na beleshi siku nzima. Mwaka 1949 akauza mashine ndogo yenye mnyororo wa meno, inayochimba mutaro mwembamba. Iliitwa Ditch Witch. Nyuma ikaja aina ya plau yenye kutetemeka: kisu kinapasua udongo, waya unaingia nyuma yake, udongo unajifunga. Hakuna mutaro wa kufukia.

Sasa turudi kwetu. Oklahoma iko na udongo. Birere iko na jiwe.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ilipasuka upande wa kusini. Lava ilipita katikati ya muji, ikafunika karibu asilimia 13 ya Goma, ikameza sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Zaidi ya watu laki moja walibaki bila nyumba. Wengi walijenga tena palepale, juu ya lava, na nyumba zingine za gorofa chumba cha juu kikageuka cha chini. Kwa hiyo mutu anayechimba Birere anachimba paa la muji wa zamani. Chini ya makoro kuna bomba, waya na misingi ya mbele ya 2002.

Tupime vyombo kimoja kimoja. Plau: kwenye makoro kisu kinavunjika, tuiache. Mashine ya mnyororo: inaweza, ikiwa na meno ya chuma kigumu, lakini meno yanaisha haraka na ya kubadilisha yanatoka mbali. Msumeno wa gurudumu: unakata jiwe vizuri, mfereji mwembamba, unafaa kwa faiba ya intaneti kwenye barabara pana. Lakini waya wa umeme kwa kawaida unataka sentimita 60 ao zaidi, na vichochoro vya Birere havipitishi gari. Kutoboa kwa upande chini ya barabara: lava iko na nyufa na mashimo, maji ya kutobolea yanapotea ndani. Inabaki nyundo ya hewa na kompresa barabarani, kisha baramini na mikono ya vijana kwenye vichochoro. Ni polepole, lakini kazi inalisha nyumba nyingi, na kijana wa baramini anasimama akiona bomba ya jirani. Mashine haisimami.

Kuchimba si mwisho. Makoro yanakata kama chupa. Waya ukilazwa juu yake bila mchanga laini na bila bomba la kuulinda, unaweza kukatika ao kupasuka. Ndiyo makosa ya Prussia yale yale. Tena upande wa magharibi wa muji, kuelekea Lac Vert, kuna mazuku: hewa ya kaboni inayojikusanya mahali pa chini na kuua bila harufu. Mutaro ni mahali pa chini. Usiingie bila kupima.

Na kuna jambo ambalo mashine yoyote haitatui. Zamani tulikuwa na SNEL peke yake. Toka 2015 mtambo wa Matebe, megawati 13 hivi, umeleta Virunga Energies. Mwaka 2020 Nuru iliwasha mtambo wa jua wa megawati 1.3, Socodee nayo ikaingia. Ongeza kampuni za intaneti. Kila mumoja akivunja jiwe kivyake, kichochoro kimoja kitapasuliwa mara nne ao tano, na bei itaingia kwenye bili ya mama muuza nguo wa Birere. Jiwe gumu linadai mutaro mumoja wa wote, wenye bomba kadhaa tupu ndani, na ramani inayobaki kwa ofisi ya muji.

Basi orodha ya manunuzi ianze hivi: mashimo ya kupima kila baada ya mita chache, ramani ya kilicho chini, makubaliano ya kampuni. Kisha ndipo mutu aulize bei ya mashine. Mwezi wa tano 2021 lava ilishuka tena ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Tunajua itarudi siku moja. Kinachozikwa leo kizikwe mahali ambapo wajukuu wetu watajua pa kukitafuta.