Betri Iliyopeleka Redio Vijijini

Kiwanda cha betri cha Eveready mjini Nakuru kilipozima mitambo mwaka 2014, habari hiyo ilipita kwenye kurasa za biashara na kusahaulika. Wafanyakazi wapatao 100 walipoteza ajira, na kampuni ikalalamikia betri za bei nafuu kutoka nje. Kiwanda kile, kilichoanza mwaka 1967, kilistahili kuagwa kwa heshima zaidi, kwani bila betri redio isingefika kwenye nyumba zisizo na umeme.

Betri kavu ilivumbuliwa na Carl Gassner wa Ujerumani miaka ya 1880. Nairobi ilianza kutangaza mwaka 1928, na Sauti ya Dar es Salaam ikafuata mwaka 1951. Ila redio za valvu zilikuwa na njaa kubwa: zilitaka volti 1.5 za kupasha nyuzi za valvu, na volti 90 hivi za kuendesha sauti. Volti 90 ni mawe 60, yaani betri kavu za volti 1.5, yaliyopangwa kichwa kwa mkia.

Aliyelivalia njuga tatizo hilo ni Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari katika serikali ya kikoloni ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Kwa maelezo yake mwenyewe, alibisha hodi kwa watengenezaji wa Uingereza miaka kadhaa akitafuta redio ya betri ambayo Mwafrika wa kawaida angeimudu. Wakamkatalia, hawakuona soko. Hatimaye kampuni ya Ever Ready ya London ikakubali. Ilikuwa na sababu nzuri: biashara yake ni betri, na kila mwenye redio angerudi dukani.

Mwaka 1949 redio hiyo ikaingia sokoni. Ganda lake lilitokana na wazo la sufuria ya alumini, nayo ikaitwa redio ya sufuria. Ilikuwa ya mviringo, yenye rangi ya buluu, na bei yake pauni 5. Betri iliuzwa kando, ikakaa nje ya ganda na kudumu saa 300 hivi. Waliomkatalia Franklin waliumbuka, kwa maana maelfu ya watu walijinyima wakainunua.

Transista ikapunguza ile njaa, na mawe manne yakatosha. Nyumbani yalitunzwa kama sukari: redio ilizimwa mara tu matangazo ya vifo yalipokwisha, mawe yaliyochoka yakaanikwa juani, na yaliyokufa yakapasuliwa ili unga wake mweusi upakwe kwenye ubao wa shule.

Siku hizi ni paneli za sola, betri za lithiamu na simu. Lakini waliosimama kwenye mitambo ya Nakuru wangali na mengi ya kusimulia, na katika mji huo huo ipo Makumbusho ya Hyrax Hill. Kaunti na makumbusho hayo wawaite wazee hao, wawarekodi, na kutenga kabati moja kwa ajili ya betri na redio zilizohabarisha vijiji vyetu.